Mfuniko Usiopumua

Lori liliwaka papo hapo.

Koplo Bayumi alikuwa ameunganisha waya kutoka kwenye betri ya pikapu ya polisi. Alipoinua kidole gumba, Inspekta Wagdi akakanyaga swichi ya kuwashia, na injini ile kuukuu ya jeshi, iliyoundwa Urusi kabla koplo hajazaliwa, ikakohoa, ikatema moshi mweusi, kisha ikatulia na kunguruma kana kwamba haijawahi kumkosea mtu.

"Umeona, afande?" Bayumi alipaza sauti kuishinda injini. "Hivi hivi ndivyo lilivyowaka siku ile tulipokuja kuchukua maiti. Halina ubovu wowote! Halafu huyu jamaa anatuambia eti lilikufa."

"Huyu jamaa" alikuwa amechuchumaa kwenye kivuli cha gurudumu la nyuma, pingu mikononi. Aliitwa Sanusi, utingo wa marehemu Mabruk kwa miaka mingi, mtu mwembamba ambaye midomo yake ilikuwa bado na magamba ya kuungua na jua.

"Lilikufa," alisema. "Likafufuka, likafa tena, mpaka tukachoka kulizika."

Wagdi alizima injini akashuka. Pande zote ulikuwa mchanga tu, na mbali kule vilima vyeusi vinavyoizunguka nyika ya Bahariya. Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mabruk na utingo wake waliondoka mjini Bawiti alfajiri wakiwa wamepakia mabomba ya kisima. Kesho yake mchana Sanusi akatokea peke yake kwenye barabara ya lami, dumu tupu mkononi. Polisi walipofika kwenye lori, Mabruk alikuwa ameshafariki kwa kiu na joto. Ndugu wa marehemu, Mekkawi, akafungua mashtaka: lori halikuwa na kasoro yoyote, Sanusi alikunywa maji akamtelekeza tajiri wake. Na ushahidi wake mkubwa ulikuwa ni huo mngurumo waliousikia sasa hivi.

"Kesi imekwisha, afande," Bayumi alisema. "Turudi mjini tukapate maharage yetu ya ful yangali moto."

"Ful haikimbii," alisema Wagdi. Alichuchumaa mbele ya Sanusi. "Hebu niambie. Lilikufa ghafla kama taa iliyozimwa, au lilianza kusinzia kwanza?"

Sanusi alimtazama kwa mshangao. Tangu akamatwe alikuwa ameulizwa mengi kuhusu maji, lakini hili hakuna aliyemuuliza.

"Lilisinzia. Lilianza kukosa pumzi. Unakanyaga mafuta, linajivuta, linajivuta, kama mtu mwenye pumu anayepanda ngazi. Halafu kimya."

Wagdi aliguna. Kabla ya kuingia polisi alikuwa ametumikia jeshi kwenye karakana ya huko Suez, akalala chini ya malori kama haya mpaka mgongo ukashika umbo la mchanga. Umeme ukikatika, gari hufa ghafla. Linalokosa pumzi limenyimwa petroli.

"Mkafanya nini?"

"Marehemu alisema ni chujio, vumbi limeziba. Tukafungua bomba la petroli, tukapuliza, tukafunga. Likawaka! Tukacheka sana. Tukaenda kitambo kidogo, likafa. Akasema basi ni pointi za umeme. Tukazisugua mpaka zikang'aa. Wapi! Tukafungua bomba tena, likawaka. Likafa."

"Na tangini petroli ilikuwepo?"

"Tele, afande. Ilikuwa inacheza ndani, unaisikia ukipiga ubavu wa tangi."

"Endelea."

"Jua likawa utosini. Marehemu akasema sasa nimejua, petroli inachemka ndani ya pampu, tuipoze. Akavua kilemba chake, akakilowesha, akaifunga pampu. Tukasubiri. Likawaka. Tukasema alhamdulillahi, dawa tumeipata. Basi kila likifa, tunalowesha, tunasubiri, linawaka."

"Mlilowesha kwa kitu gani?"

"Kwa maji."

"Maji gani?"

Sanusi aliinamisha kichwa. "Afande, jangwani kuna maji mangapi? Ya kunywa."

Bayumi, aliyekuwa akikunja waya za betri huku akichekacheka, aliacha kucheka. Wagdi alikwenda kufungua boneti. Pampu ya petroli ilikuwa imefungwa kitambaa cheupe kilichokauka kikawa kigumu kama ngozi ya mbuzi, na juu yake kulikuwa na mabaka ya chumvi, baka juu ya baka, kila moja na ukingo wake.

"Koplo. Kitambaa hiki hukukiona siku ile?"

"Nilikiona, afande. Nilidhani tambara la fundi."

"Kimeloweshwa mara nyingi hiki. Maji ya Mabruk yako hapa." Aligeuka. "Kisha betri ikaisha?"

"Ikaisha. Tukashika hendeli ya kuzungushia, yeye zamu, mimi zamu. Hendeli ya lori hili inataka dume la ng'ombe. Mzee akaanza kutetemeka, jasho likamkauka. Jua lilipotua nikamwambia twende kwa miguu, nikushike mkono. Akakataa. Nikaenda mwenyewe. Dumu lilikuwa tupu tayari. Nililibeba ili nirudi nalo limejaa."

"Maneno matamu," alisema Bayumi, ila kwa sauti ya chini.

"Matamu au machungu, yanapimika," alisema Wagdi. "Tunarudi mjini kwa njia ile ile waliyojia. Mimi naendesha lori. Sanusi, wewe kaa nami. Koplo, fuata nyuma na pikapu."

Walifuata alama za magurudumu mapana zilizokuwa bado zimekaa mchangani. Hawakwenda mbali, Wagdi akapunguza mwendo. Mahali pale nyayo za watu wawili zilizunguka mbele ya alama za lori kama za kuku wanaodonoa, na mchanga ulikuwa na doa jeusi la petroli iliyomwagika. Njiti za kiberiti zilitapakaa. Mbele zaidi wakakuta mahali pengine kama hapo, kisha pengine. Mtu anayetunga uongo hutunga mahali pamoja, Wagdi aliwaza, hatembei nyikani akiupanda.

Alikuwa bado anaangalia nyayo hizo aliposikia mngurumo ukilegea. Akakanyaga mafuta. Lori likajivuta, likasita, likajivuta tena.

"Hilo!" Sanusi alinyanyuka kitini. "Hilo hilo, afande! Lisikie!"

Injini ikanyamaza. Lori likateleza kidogo na kusimama. Wagdi akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Bayumi alikuja mbio. "Limekuwaje?"

"Limetoa ushahidi. Mtu yeyote asifungue kitu mpaka niseme. Na hiyo sigara irudishe mfukoni, unataka tuzikwe wote?"

Alianza na umeme. Alichomoa waya wa plagi, akauweka karibu na chuma, akamwambia Bayumi azungushe hendeli. Koplo alizungusha akitoa macho. Cheche ya buluu ikaruka. Umeme ulikuwepo. Akafungua kifuniko cha kabureta, akachungulia: kavu kama koo la mfungaji. Aligusa pampu, ilikuwa na joto, lakini upepo wa asubuhi ulikuwa bado wa baridi, haikuwa ya kuchemsha petroli. Kwa hiyo joto halikuwa sababu. Walikuwa wakilitibu gari kwa kulingoja tu, na wakati ule wa kungoja ndio uliolifufua, maji hayakuwa na kazi.

Mkono wake ukafika kwenye bomba la petroli, spana tayari. Hapo akasita.

"Sanusi, mlipofungua bomba hapa, liliwaka kila mara?"

"Kila mara."

"Hata mlipolikuta safi?"

Sanusi alifikiri. "Lilikuwa safi siku zote, afande. Hatukuwahi kukuta uchafu."

Wagdi akaiweka spana chini. Kama bomba ni safi na bado kulifungua kunaponya, basi kinachoponya si kulisafisha. Ni kulifungua.

"Koplo, siku ile mlipofika kuchukua maiti, kitu cha kwanza ulichofanya kwenye lori hili ni nini?"

"Nilitaka kujua kama wameishiwa petroli. Nikafungua mfuniko wa tangi, nikatumbukiza fimbo."

"Kabla ya kujaribu kuliwasha?"

"Kabla. Kisha ndiyo nikaunganisha betri yetu."

"Ulipofungua, hukusikia chochote?"

Bayumi alikuna shingo. "Lilipiga mluzi kidogo. Kama soda. Nikasema ni mvuke unatoka."

"Unatoka, au unaingia?"

Koplo aligeuka kulitazama tangi.

Wagdi aliwaongoza mpaka kwenye tangi lililoning'inia ubavuni mwa lori. Alichomoa leso, akaishika kwa ncha juu ya mfuniko, na kwa mkono wa pili akaanza kuulegeza polepole. Fssss! Ncha ya leso haikupeperuka kwenda juu. Iliinama, ikavutwa, ikanasa kwenye ufa wa mfuniko kama ulimi uliomezwa. Kisha bati la tangi likapiga "pong!" likirudia umbo lake, na leso ikalegea.

"Bismillahi," alisema Bayumi.

"Hebu niwashie sasa."

Waliunganisha betri, wakasubiri pampu ivute. Lori likawaka.

"Petroli ikitoka tangini, lazima hewa iingie ishike nafasi yake," Wagdi alisema. "Chupa ukiinyonya bila kuipa pumzi, mwisho inakushika ulimi. Pampu hii ilikuwa inanyonya tangi lililozibwa mdomo. Ukifungua bomba, hewa inapenya. Ukingoja, inajipenyeza kidogo kidogo. Linawaka, linafika mbele, linakabwa tena." Aliugeuza mfuniko. "Angalia. Mfuniko wa kawaida una kitundu na vali ndogo ya kupumulia. Huu hauna. Huu ni wa kuvukia mito, jeshi walikuwa wakiufunga lori likiingia majini."

"Mto? Bawiti?" Bayumi aliangaza macho nyikani kote. "Labda mto wa machozi ya mama mkwe wangu."

Sanusi alikuwa ameukaribia mfuniko mpaka pua ikaugusa. "Huu si wetu, afande. Wetu ulifungwa kwa mnyororo. Nilikuwa naulaani kila siku, ulikuwa unanibana vidole."

Kwenye shingo ya tangi kulikuwa na kipande cha mnyororo kinachoning'inia. Pete yake ya mwisho ilikuwa imepanuliwa kwa koleo, na mahali pa jeraha lile chuma kilikuwa bado kinang'aa, hakijapata kutu.

"Hukuliona hili asubuhi ile?"

"Tuliondoka giza, na petroli tulijaza jana yake jioni. Na huko jangwani..." Sanusi aliinua pingu kuionyesha boneti. "Tulifungua kila kitu. Nani anafungua mfuniko kutafuta ubovu?"

Wagdi aliufunga mfuniko nusu tu, ukiwa umelegea, na lori likawafikisha mjini bila kukohoa hata mara moja.

Yadi ya Mekkawi ilikuwa pembezoni mwa Bawiti, nyuma ya mashamba ya mitende. Vyote vilivyomo vilikuwa vimenunuliwa kwenye minada ya jeshi: ekseli, magurudumu yaliyopangwa kama minara, injini ambazo hazijawahi kutolewa kwenye masanduku yao ya mbao. Katikati lilisimama lori lake, pacha wa lile la marehemu. Wagdi aliliacha lori la Mabruk nyuma ya ukuta, akautia mfuniko wake mfukoni, akamwambia Bayumi abaki na Sanusi kwenye pikapu langoni, akaingia peke yake.

Mekkawi alimpokea kwa chai nyeusi. Alikuwa mtu mnene mwenye ndevu za msiba, hazijanyolewa.

"Pole tena kwa kufiwa," alisema Wagdi.

"Mungu amrehemu. Huyo muuaji amekiri?"

"Bado. Una hakika lori halikuwa na kasoro?"

"Lori lile nililijua kuliko wanangu, inspekta. Tulilinunua pamoja mnadani. Koplo wako mwenyewe aliliwasha, au siyo?"

"Aliliwasha. Mimi pia nimeliwasha leo. Lakini limenifia njiani."

Glasi ya chai ilisimama karibu na mdomo wa Mekkawi. "Limekufia?"

"Kimya kabisa. Wewe ndiye bingwa wa haya magari, na pikapu yetu haiwezi mchanga ule. Naomba unipeleke na lori lako."

Mekkawi aliweka glasi chini. Kisha akasema anakwenda kuchukua kilemba, akaingia ndani.

Wagdi alikwenda moja kwa moja kwenye tangi la lori lile. Mfuniko uliofunga pale ulikuwa na kitundu cha kupumulia. Ulikuwa pia na pete chache za mnyororo zilizoning'inia bila kushika chochote. Aliufungua, akautia mfukoni, na mahali pake akafunga ule usiopumua, akaukaza kwa nguvu zake zote. Mwenyeji alipotoka, inspekta alikuwa tayari amekaa kwenye kiti cha abiria, akitazama kioo cha pembeni.

Mekkawi alifanya kama dereva yeyote wa nyikani anavyofanya. Alizunguka lori, akapiga gurudumu teke, akavuta kamba za turubai. Alipofika kwenye tangi akasimama.

Alisimama muda mrefu. Kisha akaangalia huku na huku, akanyoosha mkono, akaulegeza mfuniko nusu mzunguko.

"Kwa nini?" aliuliza Wagdi. Alikuwa ameshashuka, yuko nyuma yake.

"Kwa nini nini?"

"Umeulegeza. Petroli si itamwagika kwenye mabonde?"

"Mazoea tu, inspekta."

"Mfuniko wenye kitundu hauhitaji kulegezwa. Umelegeza huu kwa sababu unajua huu ni upi." Wagdi alitoa mfukoni ule mwingine, pete za mnyororo zikagongana. "Na huu ni wa nani?"

Mekkawi alitafuta mahali pa kukaa, akakalia sanduku la injini.

"Wangu ulipotea," alisema. "Nilikuwa na safari, nimebaki na huu wa majini tu. Lori la Mabruk lilikuwa limelala nje hapa, tayari limepakiwa. Nikabadilisha usiku ule. Nikasema nitamwambia asubuhi aulegeze. Walahi nilikuwa nimwambie."

"Hukumwambia."

"Tulikuwa hatusemeshani. Tangu mwezi wa Ramadhani. Neno dogo tu kuhusu lori lipi ni la nani. Nilipoamka ameshaondoka."

"Ulikumbuka saa ngapi?"

"Adhuhuri. Nilikuwa natia udhu." Alijifuta uso kwa kiganja. "Nikasema Mabruk ni fundi, atagundua. Nikikimbia kumfuata atanicheka mbele ya watu, atasema Mekkawi ameniibia mfuniko kisha amekuja na mkia katikati ya miguu. Nikasema jioni atarudi. Jioni hakurudi. Nikasema kesho."

"Na lori lako hili lilikuwa zima."

"Zima."

"Na ulipomtaja Sanusi kituoni, ulijua?"

Mekkawi aliangalia langoni. Sanusi alikuwa ameshuka kwenye pikapu, na Bayumi, kwa sababu anazojua mwenyewe, hakumzuia. Walikuwa wamesikia.

"Nilijua," alisema Mekkawi.

Wagdi alimwita koplo kwa ishara. Bayumi alizifungua pingu za Sanusi bila kutia neno la mzaha, akazishika tu mkononi, hajui azipeleke wapi. Sanusi alijisugua vifundo vya mikono, akamsogelea Mekkawi. Wagdi alijiandaa kuwatenganisha, lakini hapakuwa na ugomvi.

"Nilimbembeleza tuondoke pamoja jua lilipotua," Sanusi alisema. "Nilimwambia nitakubeba mgongoni. Inspekta ameniuliza, nikamwambia alikataa, sikumwambia kwa nini. Lilikuwa jambo la ndugu kwa ndugu, na wewe ulikuwa umeshanifungulia kesi, nikaona hukustahili kulisikia."

"Kwa nini alikataa?" Sauti ya Mekkawi ilikuwa ndogo.

"Alisema, 'Nikiondoka hapa, Mekkawi atakuja atanikosa.' Alisema, 'Amenikasirikia, lakini njia hii anaijua, na akiona usiku umeingia sijarudi hatalala.' Nilipoanza kutembea nilimwacha amewasha taa za lori na ule umeme kidogo uliobaki, ili uzione kwa mbali."

Mekkawi aliinuka kutoka kwenye sanduku, akakaa tena. Inspekta akamshika bega na kumwongoza kwenye pikapu, na Sanusi akasogea kando kuwapisha.